Kifungo kisitangulie hukumu

Asubuhi mbele ya kasho ya polisi, iwe Beni, Butembo, Bunia ao Uvira, picha ni ile ile. Wamama wameketi kando ya barabara, sahani ya bugali na sombe imefungwa katika kitambaa, wanangojea askari awaite. Anayefungiwa ndani anakula kile jamaa yake imemletea, na asiye na jamaa anangojea huruma ya wenzake. Askari anapotokea, mama mmoja anasimama: « Shefu, mtoto wangu alifanya nini? » Jibu linajulikana: « Mama, dosie iko kwa OPJ. Rudia kesho. »

Rudia kesho ni neno dogo. Lakini kesho ya mtu aliye katika kasho si sawa na kesho ya mtu aliye nyumbani. Katika saa hizo mtu anaulizwa maswali akiwa peke yake, na PV inaandikwa kisha anatiwa kalamu mkononi. Simu yake inachukuliwa, na jina la kosa linachaguliwa. Siku avoka wa kwanza atakapofika, mara nyingi kesi imekwisha kuandikwa nusu. Siku jaji wa kwanza atakapofungua dosie, mtu amekwisha kulala gerezani majuma ao miezi.

Mashariki ya nchi watu wamezoea kusema kwamba ukweli utajulikana mahakamani. Ni neno la kutia moyo, lakini halitoshi. Mtu aliyekamatwa kwa njia yenye mashaka anaanza kujitetea pale pale mlangoni mwa kasho, katika saa ya kwanza, ao anachelewa. Na ikiwa utetezi haukuruhusiwa kuingia hapo, mahakama inabaki na kazi moja tu: kutia muhuri juu ya kifungo ambacho tayari kimetumikiwa.

Miezi sita kwa miezi sita

Kesi ya mwandishi wa habari Stanis Bujakera ilionyesha jambo hilo mbele ya nchi nzima. Naibu mkurugenzi wa uchapishaji wa Actualite.cd na mwandishi wa Jeune Afrique, alikamatwa tarehe 8 mwezi wa tisa 2023 kwenye uwanja wa ndege wa N'djili, Kinshasa, alipokuwa anataka kupanda ndege kwenda Lubumbashi. Simu zake na kompyuta yake vilichukuliwa. Siku chache baadaye alipelekwa katika gereza la Makala.

Shida ilianzia kwenye makala ya Jeune Afrique ya mwisho wa mwezi wa nane, iliyozungumzia kifo cha Chérubin Okende, waziri wa zamani na msemaji wa chama cha upinzani, ambaye mwili wake ulikutwa katika gari lake mwezi wa saba. Makala hiyo ilitegemea barua iliyosemwa kuwa ya idara ya upelelezi ANR. Serikali ilisema barua ni ya uongo. Makala haikuwa na jina la Bujakera, na gazeti lenyewe lilieleza kwamba si yeye aliyeiandika. Hata hivyo, ni yeye aliyefungwa, akishitakiwa kughushi barua hiyo, kughushi muhuri wa serikali na kueneza uvumi wa uongo.

Maavoka wake walijitetea kama sheria inavyotaka. Walipinga namna alivyokamatwa. Walipinga namna wapelelezi walivyodai kufahamu, kupitia simu yake, kwamba ndiye wa kwanza kusambaza barua hiyo. Waliomba uchunguzi wa kitaalamu ambao pande zote zingeuamini. Waliomba mara kadhaa aachiliwe kwa muda wakati kesi inaendelea, kwa sababu anajulikana, ana makao, ana kazi. Maombi yalikataliwa.

Tarehe 8 mwezi wa tatu 2024, upande wa mashitaka uliomba afungwe miaka 20. Siku kumi baadaye, tarehe 18, mahakama kuu ya Gombe ilimkuta na hatia, ikampa miezi 6 ya kifungo na faini ya franka milioni 1. Miezi hiyo 6 alikuwa amekwisha kuimaliza. Siku iliyofuata alitoka Makala.

Hesabu hiyo inastahili kutazamwa vizuri. Upande mmoja uliomba miaka 20, mahakama ikatoa miezi 6, na miezi 6 ndiyo ile ambayo mshitakiwa alikuwa amekaa ndani. Kama mtu kweli ameghushi muhuri wa serikali, adhabu kama hiyo ni ndogo mno. Kama hakughushi, hata siku moja ilikuwa nyingi. Wengi waliona katika hesabu hiyo njia ya kumtoa mtu gerezani bila kukubali kwamba hakupaswa kuingia. Hukumu ilifuata kifungo, badala ya kifungo kufuata hukumu.

Na huyu alikuwa mtu anayejulikana, mwenye maavoka wengi, mwenye gazeti nyuma yake, mwenye mashirika ya kimataifa yanayopiga kelele kwa ajili yake. Kijana wa Mutwanga ao wa Komanda anayekamatwa usiku na kuitwa mshiriki wa waasi hana hata kimoja kati ya hivyo.

Beni, mbele ya wanajeshi

Tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 2021, wanaharakati wa LUCHA waliketi chini katika mji wa Beni kupinga kurefushwa kwa utawala wa kijeshi, ule ambao kila mtu anauita état de siège. Walikuwa na mabango mikononi, hawakuwa na silaha. Walikamatwa. Tarehe 1 mwezi wa ine 2022, karibu miezi mitano baadaye, mahakama ya kijeshi iliwahukumu vijana 12 kati yao kifungo cha miezi 12.

Raia walifikaje mbele ya mahakama ya wanajeshi? Tangu état de siège ilipoanza tarehe 6 mwezi wa tano 2021 katika majimbo ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kesi za jinai zilitolewa mikononi mwa mahakama za kawaida zikapewa mahakama za kijeshi. Katiba inaruhusu Rais kufanya hivyo wakati wa vita ao hali kama hiyo. Lakini katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 61, inataja mambo ambayo hayawezi kuguswa hata siku ambapo état de siège imetangazwa. Kati yake kuna haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa.

Jambo hilo halisemwi vya kutosha. Wakaaji wengi, hata baazi ya maaskari, wanaamini kwamba état de siège imefuta kila haki. Hapana. Imebadilisha jaji, haijafuta utetezi. Anayemwambia mama mbele ya kasho kwamba « hapa ni état de siège, hakuna avoka » anasema kitu ambacho sheria haikusema.

Saa 48, siku 5, siku 15

Kwenye karatasi, sheria ya Kongo si mbaya. Kifungu cha 17 cha katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 kinasema kwamba uhuru ndio kanuni, na kufungwa ni jambo la pekee. Kifungu cha 18 kinadai kwamba anayekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoisikia, na aelezwe haki zake. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na jamaa yake ao avoka wake. Kukaa katika kasho ya polisi hakuwezi kupita saa 48. Zikiisha, aachiliwe ao apelekwe mbele ya viongozi wa sheria. Kifungu cha 19 kinaongeza kwamba avoka anaweza kuwa pamoja naye tangu uchunguzi wa polisi, si mahakamani tu.

Baada ya hapo ni kanuni ya mwendo wa kesi za jinai, ambayo msingi wake ni dekreti ya tarehe 6 mwezi wa nane 1959. Parke ikimfunga mtu kwa muda, inapaswa kumfikisha mbele ya jaji katika siku 5, kama jaji yuko mahali hapo hapo. Jaji akikubali kifungo, ruhusa yake ni ya siku 15. Kisha inarefushwa mwezi kwa mwezi. Kwa kosa ambalo adhabu yake ni miezi 6 ao zaidi, kurefusha kwenyewe hakupiti mara 3 mfululizo. Kupita hapo, jaji anapaswa kuamua katika kikao cha wazi, mbele ya watu. Na kila mara mfungwa anaweza kukata rufaa juu ya kifungo hicho, lakini ana saa 24 tu tangu kujulishwa. Mbele ya oditora ya kijeshi kuna kanuni nyingine, ya mwaka 2002, inayoacha nguvu nyingi zaidi mikononi mwa oditora mwenyewe. Ndiyo sababu kwa raia wa Ituri na Kivu ya Kaskazini saa za kwanza zina uzito zaidi.

Shida inaanza pale karatasi inapokutana na kitabu cha kasho. Mtu anakamatwa siku ya tano jioni, wakati ofisi za parke zinafungwa. Kitabu kinaandika siku ya kwanza asubuhi. Siku tatu zimepotea, na saa 48 zinaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakati mwingine anahamishwa kutoka kasho moja kwenda ingine, na kila kasho inaanza kuhesabu kwa saa yake. Anayesoma dosie Bukavu ao Kinshasa anaona tarehe nzuri. Ni jamaa peke yake inayojua kwamba zile tarehe ni za uongo, na jamaa haikuandika kitu.

Karatasi ambayo mtu hawezi kuisoma

Katika yote, PV ndiyo inayofunga watu wengi. Mahojiano yanafanyika kwa Kiswahili, kwa Kinande, kwa Kilendu ao kwa Mashi. OPJ anaandika kwa Kifaransa. Mkulima aliyesema « nilipita karibu na nyumba ile » anaweza kujikuta ameandikwa kuwa alikuwa ndani ya nyumba ile. Hakuna anayemsomea. Anaambiwa: « Tia sahihi hapa, papa, utarudi nyumbani. » Anatia sahihi kwa sababu amechoka, kwa sababu ana njaa, kwa sababu neno nyumbani limetajwa. Ao anatia alama ya kidole.

Kiswahili ni moja ya lugha ine za taifa ambazo katiba inazitaja katika kifungu chake cha kwanza. Na kifungu cha 18 kinaposema lugha ambayo mtu anaisikia, hakisemi ni kwa saa ya kukamatwa tu halafu basi. Itakuwa na faida gani kumwambia mtu kwa Kiswahili kwamba ameshitakiwa, kisha kumtilisha sahihi jibu lake katika lugha asiyoijua? Kusomewa PV yake katika lugha yake kabla ya kutia sahihi ni jambo dogo, halihitaji bajeti, halihitaji sheria mpya. Linahitaji dakika kumi na OPJ mwenye heshima ya kazi yake.

Na mtu aliyekamatwa ana haki ya kukataa kutia sahihi kitu ambacho hakusomewa. Kukataa si kosa. OPJ ataandika kwamba amekataa, na hilo lenyewe litamsaidia avoka mbele ya jaji. Vilevile, kama maneno yalipatikana kwa fimbo, sheria ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011 inaadhibu utesaji, hata kama aliyefanya alipewa amri na mkubwa wake. Lakini alama za fimbo zinapona. Karatasi ya daktari ya siku ile ile haiponi.

Wanaosema kwamba vita haina nafasi ya adabu hizi

Kuna watu wenye akili nzuri wanaopinga maneno haya, na hoja yao inastahili kusikilizwa. Wanasema: Beni wanachinja watu, Djugu wanachoma vijiji, mjini wezi wenye silaha wanaingia nyumbani usiku. Polisi ikikamata mtu, parke inamwachilia, na juma linalofuata anaonekana tena mtaani akicheka. Wanasema pia kwamba maavoka wanatetea wahalifu, na kwamba kila dakika inayotumiwa kusoma haki za mshukiwa ni dakika inayopewa adui. Uchungu huo ndio unaofanya watu wachukue mawe na mapira ya gari, wakamalize kesi wenyewe barabarani.

Uchungu ni wa kweli, lakini haukutafuta sababu mahali pazuri. Mara nyingi mwizi anaachiliwa kwa sababu dosie ilikuwa tupu: hakuna shahidi aliyeandikwa, hakuna silaha iliyowekewa alama, tarehe zinapingana, PV imejaa maneno ambayo mtu anayakana mbele ya jaji. Ao anaachiliwa kwa sababu makuta yamepita mkononi, na makuta yanapita kwa urahisi pale ambapo hakuna avoka anayeangalia wala kitabu kilichoandikwa vizuri. Dosie iliyotengenezwa kwa haraka inamfunga asiye na feza na inamwachilia mwenye feza. Haimlindi aliyeibiwa.

Kuna hasara ingine ambayo haionekani. Siku mtu asiyehusika anafungwa kwa mauaji ya kijijini, aliyeua anapumua. Hakuna tena anayemtafuta. Mjane aliyeambiwa kwamba muuaji wa mume wake yuko gerezani amedanganywa pamoja na yule aliyefungwa. Katika nchi yenye wafu wengi wasiopata haki, kukamata mtu asiyehusika ni kumsaidia anayehusika.

Ndugu si dhamana, deni si jinai

Mambo mawili yanajaza kasho za mashariki na hayana msingi wowote katika sheria. La kwanza ni kumkamata ndugu, mke ao baba pahali pa mtu aliyekimbia. « Mtoto wako akija, utatoka. » Kifungu cha 17 cha katiba ni wazi: kosa ni la mtu binafsi, na hakuna anayeweza kukamatwa wala kufungwa kwa kitendo cha mwingine. Mama wa mshukiwa si kamba ya kumvutia mshukiwa.

La pili ni deni. Mtu amekopa dola, ameshindwa kulipa, mdai anakwenda kwa OPJ anayemfahamu, na asubuhi deni limebadilishwa jina, limeitwa uaminifu uliovunjwa ao utapeli. Kifungu cha 61 kinakataza kufunga mtu kwa sababu ya deni, hata katika état de siège. Utapeli wa kweli upo na unapaswa kuhukumiwa, lakini kuna tofauti kati ya aliyedanganya tangu mwanzo na aliyeanguka katika biashara kwa sababu barabara ya Kasindi ilifungwa. Kazi ya kutofautisha ni ya jaji, na kasho haiwezi kumfanyia kazi hiyo.

Kinachowezekana katika siku ya kwanza

Kuna vitu ambavyo jamaa inaweza kufanya bila cheo na bila feza nyingi. Kwanza, kuandika: siku, saa, mahali, sare za waliokamata, gari, namba ya gari kama ilionekana, majina ya majirani walioona. Daftari ya mtoto wa shule inatosha. Karatasi hiyo iliyoandikwa siku ile ile ndiyo itakayopigana na kitabu cha kasho mwezi ujao.

Pili, kujua mtu yuko wapi na chini ya nani, kisha kwenda parke kulijulisha jambo, bila kungojea saa 48 ziishe. Waendesha mashitaka ndio wanaosimamia ma-OPJ, na kukagua kasho ni sehemu ya kazi yao. Tatu, kutafuta avoka siku hiyo. Anayekosa uwezo anaweza kubisha kwenye ofisi ya mashauri ya bure ya baro, chama cha maavoka, ao kuomba mtetezi wa sheria wa karibu. Ine, kuomba daktari kama mtu amepigwa. Tano, kutunza vitu vinavyoonyesha mahali mtu alipokuwa: tiketi, risiti, ujumbe wa simu, kitabu cha kazi. Ushahidi huo unapotea kwa majuma machache.

Na kuhusu feza: dhamana ya kweli ipo katika sheria, lakini inaamuliwa na kiongozi wa sheria, inawekwa kwa karani wa mahakama, na ina risiti. Feza inayotolewa gizani bila karatasi haifungi dosie. Mtu anatoka leo, dosie inabaki kabatini, na siku ingine inafunguliwa tena na mkono mwingine wenye njaa.

Hukumu ikitoka na mtu hakuridhika, mahakama za kawaida zinatoa siku 10 za kukata rufaa. Mbele ya mahakama za kijeshi muda ni mfupi zaidi. Jamaa nyingi zinapoteza haki hiyo kwa kulia juma nzima kwanza, kisha kutafuta avoka.

Pale ambapo serikali haipo

Kwa wasomaji wa Goma na Bukavu, sehemu ya maneno haya inauma. Goma tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu tangu katikati ya mwezi wa pili, ziliingia mikononi mwa AFC/M23, na mtu anayekamatwa huko hana parke ya serikali ya kulalamikia. Hata hivyo, si kwamba hakuna sheria. Kifungu cha 3 cha Mikataba ya Geneva ya 1949 kinafunga kila kundi linalopigana, liwe la serikali ao la waasi: hakuna hukumu bila mahakama halali inayoheshimu utetezi. Leo anayelidai neno hilo anaweza kuhatarisha maisha yake. Lakini jamaa inayoandika kwa siri siku, saa na mahali mtu wake alipochukuliwa, na kujulisha CICR, inatunza kitu ambacho siku moja kitahitajika.

Deni la kila upande

Rais Félix Tshisekedi mwenyewe amekubali mara nyingi mbele ya umma kwamba haki ya nchi hii ni mgonjwa. Mgonjwa anahitaji dawa, na hapa baazi ya dawa zinajulikana na si ghali.

Waendesha mashitaka na maoditora watembelee kasho bila kutangaza, walinganishe kitabu na nyuso za watu, na kila tarehe ya uongo iwe na mtu wa kuijibu. Kumfunga mtu bila haki ni kosa katika kitabu cha adhabu, hata kama aliyefanya amevaa sare. Baro ziweke zamu ya maavoka vijana karibu na kasho za miji mikubwa, usiku na siku ya Mungu, maana kukamata hakuna likizo. Majaji waandike waziwazi katika maamuzi yao pale ambapo mtu alikamatwa kinyume cha sheria, badala ya kukata adhabu inayolingana na miezi iliyopita ili dosie ifungwe bila aibu kwa yeyote.

Wanahabari nao wana sehemu yao. Karibu kila juma, mahali fulani mashariki, vijana wanapangwa chini mbele ya meya ao komanda, wamefungwa kamba, silaha zimewekwa mbele yao, na kamera zinaitwa. Jioni wanaitwa majambazi kwenye redio na kwenye simu za watu wote. Hakuna jaji aliyewasikia. Anayeachiliwa miezi mitatu baadaye hapangwi mbele ya kamera ili watu waambiwe kwamba hakuwa mwizi. Anarudi katika mtaa ambao ulikwisha kumhukumu kwa picha, na wakati mwingine mtaa huo unamaliza kazi kwa mawe. Neno mshukiwa halina uzito mkubwa kuliandika, na sura inaweza kufichwa.

Makala lilijengwa kwa watu 1.500. Usiku wa tarehe 2 mwezi wa tisa 2024, lilipokuwa na watu wengi mara nyingi zaidi ya hapo, watu wasiopungua 129 walikufa humo katika jaribio la kutoroka, kufuatana na hesabu ya serikali. Wengi wa waliokuwa wamerundikana katika gereza hilo walikuwa bado kuhukumiwa. Kwa yule aliyekufa usiku ule akingojea tarehe ya kesi yake, hakuna rufaa na hakuna miezi ya kurudisha. Hakujulikana kama alikuwa na hatia, na sasa hakuna jaji atakayejua.

Ndiyo sababu mama aliye mbele ya kasho na sahani yake hapaswi kuambiwa arudi kesho. Anapaswa kuambiwa leo: mtoto wake anashitakiwa nini, nani ana dosie yake, saa ngapi alikamatwa, na ni saa ngapi saa 48 zitaisha. Majibu hayo manne yanaenea kwenye nusu karatasi. OPJ anayekataa kuyatoa anajua kwa nini anakataa.